Kabla Hujajiunga na Chuo cha Udaktari Kinachobadilisha Mtaala: Mwongozo Kamili

Umepata nafasi ya kusomea udaktari. Barua ya udahili iko mkononi, tarehe ya kuthibitisha inakaribia, na hapo ndipo unasikia kwamba chuo kinabadilisha mtaala. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anakwambia ukimbie. Tovuti ya chuo inasema mfumo mpya utatoa madaktari bora kuliko waliotangulia. Daktari wa zamani katika ukoo wenu anaapa kwamba siku hizi anatomia haifundishwi kabisa.

Wote watatu wanaweza kuwa na chembe ya ukweli, na bado ukabaki hujui la kufanya. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu inaniuma kuona vijana wakiamua jambo la miaka mitano au sita kwa kumfuata aliyepaza sauti zaidi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ni nadra mtaala mpya wenyewe kumwangusha mwanafunzi. Kinachomwangusha ni kipindi cha mpito kilichoandaliwa vibaya. Ufundishaji umebadilika lakini mitihani imebaki ya zamani. Makundi mawili, la mtaala wa zamani na la mtaala mpya, yanakutana kwenye wodi moja. Aliyerudia mwaka hajui asome mtaala upi. Mambo haya unaweza kuyachunguza kabla hujasaini chochote.

Hatua ya 1: Igeuze hofu iwe swali

"Nasikia mtaala wao ni mbovu" ni kauli isiyojibika. Andika kila unachohofia kwenye karatasi, kisha kiandike upya mpaka mtu wa ofisi ya taaluma aweze kukijibu kwa ndiyo, hapana, au tarakimu. Kwa mfano:

- "Hawafundishi anatomia" inakuwa: Anatomia imetengewa saa ngapi kabla ya wanafunzi kuingia wodini? Je, wanapasua maiti wenyewe au wanaangalia sehemu zilizokwisha kupasuliwa? Wanafunzi wangapi wanagawana maiti moja?
- "Wanafunzi wanajifundisha wenyewe" inakuwa: Kwa wiki moja ya kawaida, saa ngapi mwanafunzi yuko na mwalimu, na saa ngapi ameachiwa asome peke yake?
- "Tunafanyiwa majaribio" inakuwa: Mtaala huu umeshapitiwa na makundi mangapi, na kundi la kwanza limefika mwaka wa ngapi?

Ukimaliza, yagawe maswali mafungu matatu. La kwanza ni utambuzi: je, shahada hii itanipa leseni? La pili ni uwezo: je, chuo kina watu, wodi na vifaa vya kutimiza kilichoandikwa? La tatu ni mtindo: je, namna hii ya kusoma inanifaa? Hofu ya utambuzi ikithibitika, unaondoka bila mjadala. Hofu ya uwezo inahitaji uchunguzi wa kina. Ya mtindo, mara nyingi mtu anaizoea. Ninachokiona ni vijana kuupindua mpangilio huu: wanahangaika wiki nzima kuhusu mtindo, na ithibati, yaani kibali rasmi kwamba chuo kimekaguliwa na kinafaa kufundisha udaktari, hawaiulizii.

Hatua ya 2: Jua ni nini hasa kinachobadilika

Vyuo hupenda kusema mtaala wao ni "wa kisasa". Neno hilo halikuelezi kitu. Mabadiliko halisi ni ya aina chache, na karibu zote zimekuwapo tangu kabla hujazaliwa.

Mfumo ambao wengi huuita wa kawaida, yaani miaka miwili ya sayansi za msingi kisha miaka ya wodini, ulipata nguvu baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910. Flexner alikagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, na vingi alivikuta havina maabara za maana wala hospitali ya kufundishia. Mwaka 1952 chuo cha Western Reserve mjini Cleveland kikavunja mipaka kati ya masomo: badala ya kumaliza anatomia, kisha fiziolojia, kisha patholojia, mwanafunzi akasoma moyo kwa pande zake zote, halafu mapafu, halafu figo. Huo ndio mtaala wa mifumo ya mwili. Mwaka 1969 McMaster ya Kanada ikaanza kufundisha kwa visa vya wagonjwa katika vikundi vidogo, na Maastricht ya Uholanzi ikafuata mwaka 1974. Kisha ukaja mtaala wa umahiri, unaouliza mhitimu anaweza kufanya nini badala ya amekaa darasani muda gani. Mfano unaotajwa sana ni CanMEDS wa Kanada, uliopitishwa mwaka 1996. Tena viko vyuo vingi vilivyofupisha kipindi cha kabla ya wodi kutoka miezi 24 hadi 18 au chini ya hapo. Duke ya Marekani imefundisha sayansi za msingi kwa mwaka mmoja tu kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo ukisikia chuo kinahamia mfumo wa visa, usidhani umebuniwa jana. Mapitio mawili makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba wanafunzi wa mfumo huo waliridhika zaidi na masomo yao na hawakuachwa nyuma kwenye kazi za kliniki, lakini kwenye mitihani ya sayansi za msingi wakati mwingine walipata alama za chini. Nalitaja hilo la mwisho kwa makusudi. Kama mtihani wa leseni wa nchi unayotaka kufanyia kazi unaegemea sana biokemia na fiziolojia, uliza chuo kinazibaje pengo hilo.

Kisha tafuta msukumo umetoka wapi. India ilipoanzisha mtaala wa umahiri kwa shahada ya kwanza ya udaktari mwaka 2019, agizo lilivigusa vyuo vya nchi nzima. Uingereza nayo imeweka mtihani mmoja wa leseni kwa wahitimu wa vyuo vyake kuanzia mwaka wa masomo 2024/2025. Mabadiliko ya namna hiyo huwezi kuyakwepa kwa kuhamia chuo jirani. Utayakuta huko pia. Ila kama chuo kimeamua chenyewe, una haki ya kuuliza mtaala mpya unatatua tatizo gani. Chuo kilichofikiri kitakutajia tatizo lenyewe: labda wanafunzi walikuwa wakifika wodini wamesahau famakolojia, au wahitimu walikuwa hawajui kuzungumza na mgonjwa. Ukijibiwa kwa maneno ya tangazo, liandike jibu hilo jinsi lilivyo. Litakufaa baadaye.

Hatua ya 3: Thibitisha ithibati na njia ya leseni

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo pekee inayoweza kumaliza mjadala.

Nenda kwenye chanzo. Wasiliana na baraza la madaktari la nchi husika pamoja na mamlaka inayosimamia vyuo vikuu, uulize mambo mawili: je, chuo kina ithibati kwa sasa, na je, mtaala *mpya* umeidhinishwa au kilichoidhinishwa ni ule wa zamani? Swali la pili wengi hulisahau. Chuo chaweza kuwa na ithibati halali ya miaka mingi ilhali mtaala wake mpya bado uko mezani kwa wakaguzi. Uliza pia ithibati inaisha lini. Ikiwa ukaguzi ujao utaangukia katikati ya miaka yako ya masomo, ujue hivyo tangu leo.

Ipo saraka ya dunia ya vyuo vya udaktari inayotafutika bure kwenye intaneti. Itumie, lakini elewa mipaka yake: waendeshaji wake wenyewe wanasema kuorodheshwa humo si ithibati. Kuhusu ithibati, tazama kama chombo kilichokikagua chuo kinatambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, WFME. Hilo lina uzito zaidi ikiwa una ndoto ya kubobea nje ya nchi uliyosomea.

Kama chuo chenyewe ni kipya, uliza kiko ngazi gani. Huko Marekani, kwa mfano, chuo kipya huanza na ithibati ya awali, na ithibati kamili huja pale kundi la kwanza linapofika mwaka wa mwisho. Ithibati ya awali haimaanishi hatari. Inamaanisha kazi ya ukaguzi haijaisha, na uulize kwa maandishi wanafunzi watahamishiwa wapi iwapo chuo kitakwama.

Hatua ya 4: Angalia kama mitihani imebadilika pamoja na ufundishaji

Kama una muda wa kuchunguza jambo moja tu baada ya ithibati, chunguza hili.

Mwanafunzi husoma kile atakachotahiniwa. Chuo kinaweza kuandika mtaala mzuri wa visa na vikundi vidogo, lakini kama mwisho wa mwaka kila idara inaleta mtihani wake wa zamani wa maswali ya kuchagua, wanafunzi wataishi maisha mawili: mchana wanajadili visa, usiku wanakariri vitini vya miaka iliyopita. Ukisikia wanafunzi wa chuo fulani wakilalamika kwamba "mtaala mpya unachosha", dadisi hapo kwanza. Mara nyingi uchovu huo si wa mtaala. Ni wa kusoma mitaala miwili kwa wakati mmoja.

Omba kuona mchanganuo wa mitihani ya mwaka wa kwanza na wa pili: mada zipi, uzito kiasi gani, kwa mtindo gani. Kama chuo kinadai kinapima umahiri, kuwe na mitihani ya vituo, ambamo mwanafunzi anapita kituo hadi kituo akimpima mgonjwa au mtu anayeigiza mgonjwa, na kila kituo kina mtahini mwenye orodha ya vitu vya kuangalia. Mtindo huo Ronald Harden na wenzake waliuanzisha Dundee, Uskoti, na kuuchapisha mwaka 1975, kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kusema bado kinajifunza ni kitu gani. Swali ni moja tu: mtihani wa vituo unaanza mwaka wa ngapi, na una vituo vingapi?

Uliza pia kuhusu alama. Vyuo vingi vinavyobadilisha mtaala huondoa madaraja na kubaki na kufaulu au kufeli, kwa nia njema ya kupunguza msongo. Mimi naiunga mkono nia hiyo. Ila ushindani haupotei, unahama. Mtihani wa kwanza wa leseni ya Marekani ulipoacha kutoa alama za tarakimu Januari 2022, macho ya wanaochagua madaktari wa ubobezi yaligeukia mtihani wa pili, ambao bado unatoa tarakimu, pamoja na tathmini za wodini na utafiti. Kwa hiyo kama chuo chako hakitoi madaraja, uliza mhitimu wake atatofautishwa kwa kigezo gani akiomba nafasi ya ubobezi. Chuo makini kitakuwa na jibu: barua za tathmini zenye maelezo, jalada la kazi, nafasi za utafiti.

Jambo la mwisho hapa ni kanuni za kufeli. Katika mtaala wa masomo tofauti, ukianguka biokemia unarudia mtihani wa biokemia. Katika mtaala wa mifumo, moduli moja inaweza kubeba wiki nane za mambo yote kuhusu moyo na mapafu. Ukiianguka, unarudia nini, na lini? Kuna marudio wakati wa likizo au unasubiri mwaka mzima? Omba kanuni zilizochapishwa, uzisome mwenyewe neno kwa neno.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya watu na wodi

Hapa huhitaji utaalamu wowote zaidi ya hesabu za shule ya msingi.

Anza na vikundi. Kundi la visa hufanya kazi vizuri likiwa na wanafunzi kama wanane. Darasa lenye wanafunzi 200 linahitaji vikundi 25, maana yake wakufunzi 25 na vyumba 25 kwa saa ileile, kila wiki, kwa mwaka mmoja wa masomo tu. Ukiongeza mwaka wa pili, hesabu inakuwa mara mbili. Sasa uliza chuo kina wakufunzi wangapi waliopewa mafunzo ya kazi hiyo. Ukiambiwa vikundi vina wanafunzi 20 na mkufunzi anazunguka vikundi vitatu, basi mtaala uliomo kwenye kijitabu na mtaala utakaousoma ni vitu viwili tofauti.

Kisha wodi. Chukua chuo kinachofupisha kipindi cha kabla ya wodi kutoka miezi 24 hadi 18. Kundi la kwanza la mtaala mpya litaingia wodini miezi sita mapema kuliko ilivyozoeleka, wakati kundi la mtaala wa zamani bado liko humo. Kwa nusu mwaka hospitali ileile, yenye vitanda vilevile na mabingwa walewale, itabeba makundi mawili. Ndiyo maana unasikia wanafunzi kumi na tano wamemzunguka mgonjwa mmoja, na anayeshika stetoskopu ni yule aliyewahi kufika. Kwa bahati mbaya mgonjwa naye anaumia, maana hakuna anayetaka kupimwa ini na watu kumi na tano asubuhi moja.

Uliza moja kwa moja: makundi yatapishana miezi ipi, na kuna hospitali gani za ziada zilizokwisha kusaini makubaliano? Zingatia neno "zilizokwisha". Mazungumzo yanayoendelea hayana kitanda.

Hatua ya 6: Jua utakuwa nani kwenye foleni

Mtaala uleule huwa na sura tofauti kwa kundi la kwanza, la pili na la tatu. Kundi la kwanza hukutana na ratiba zinazobadilika ghafla, moduli zilizojaa kupita kiasi, na hakuna wa kuwaachia notisi. Kwa upande mwingine, huwa na uongozi wa chuo unaowasikiliza kuliko kundi lolote litakalofuata, na mambo yao mengi hurekebishwa haraka. Kwa maoni yangu kundi la tatu ndilo lenye raha zaidi, kwa kuwa makosa makubwa yameshaonekana na ari ya walimu haijapoa.

Nafasi mbaya kuliko zote ni kuwa kundi la mwisho la mtaala wa zamani. Watu hudhani hiyo ndiyo salama, nami naona kinyume. Nguvu za walimu zimeelekezwa kwenye mtaala unaokuja, na ukirudia mwaka, kwa ugonjwa, uzazi, msiba au kuanguka mtihani, nyuma yako hakuna kundi la kujiunga nalo. Kabla hujakubali nafasi ya namna hiyo, pata maandishi yanayosema chuo kitaendelea kufundisha na kutahini mtaala wa zamani hadi mwaka gani, na atakayerudia atahamishwaje kwenda mtaala mpya bila kupoteza moduli alizofaulu. Bila maandishi hayo mimi nisingesaini.

Hatua ya 7: Uliza watu sahihi, na sikiliza kwa sikio la pili

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Minong'ono ya wanafunzi usiipuuze. Lakini mwanafunzi anaweza kukuhakikishia yale tu aliyoyapitia. Wa mwaka wa tano wa mtaala wa zamani hajui lolote la uhakika kuhusu mtaala mpya zaidi ya yale aliyoyasikia. Tafuta watu wa aina tatu: mwanafunzi wa kundi jipya aliyefika mbali zaidi, mwanafunzi aliyewahi kurudia mwaka chuoni hapo, na daktari anayesimamia madaktari tarajali kutoka vyuo mbalimbali. Huyu wa tatu ni hazina. Muulize tu: wahitimu wa chuo hiki wanapofika zamu yao ya kwanza, wanakwama wapi?

Kwa wanafunzi, acha kuuliza kama wanakipenda chuo. Uliza vitu vilivyotokea. Ratiba ya wiki iliyopita ilifuatwa? Matokeo ya mtihani uliopita yalitoka baada ya muda gani? Mlipolalamika mara ya mwisho, nini kilibadilika? Hilo la mwisho linakupa sura ya chuo kuliko kijitabu chochote cha udahili. Mtaala mpya lazima utakuwa na kasoro. Tofauti ya chuo na chuo ni muda ambao kasoro inaishi baada ya kutajwa.

Na takwimu za ufaulu zisome kwa uangalifu. Chuo kinaposema wahitimu wake karibu wote wanafaulu mtihani wa leseni, uliza: kati ya walioanza mwaka wa kwanza, au kati ya walioruhusiwa kuufanya? Kama theluthi ya darasa ilidisko, yaani iliondolewa chuoni kwa kufeli, au ilizuiwa njiani, ufaulu wa waliobaki hauwezi kukwambia yatakayokupata wewe. Angalia pia kama takwimu hizo ni za wahitimu wa mtaala mpya. Mara nyingi wa mtaala mpya bado hawajahitimu.

Hatua ya 8: Jipime wewe mwenyewe

Mfumo wa vikundi unamtaka mtu anayeweza kusema "sijui" mbele ya wenzake saa mbili asubuhi. Mfumo wa mihadhara unamtaka anayeweza kukaa na kitabu peke yake kwa saa nyingi. Wengi hujifunza kuishi na wowote kati ya hiyo miwili, na ndiyo sababu nililiweka fungu la mtindo mwisho. Ila kama unajijua kwamba bila ratiba ya kukusukuma huwa husomi, na chuo kinaacha nusu ya wiki wazi kwa kujisomea, lichukulie hilo kwa uzito.

Hatua ya 9: Amua kwa kulinganisha na njia uliyo nayo kweli

Weka majibu yako kwenye karatasi moja kisha uyalinganishe na chaguo lako la pili lililopo: chuo kingine kilichokupa nafasi, au kusubiri mwaka. Usilinganishe na chuo cha ndotoni ambacho hakijakuandikia. Kila chuo kina kasoro, hata kile ambacho hakijagusa mtaala wake kwa miaka thelathini. Huko tatizo linaweza kuwa kwamba hakuna aliyewahi kuuliza kama unafaa.

Mambo matatu, kwangu, yanatosha kuikataa nafasi hata kama chuo kina jina: mtaala mpya haujaidhinishwa na hakuna tarehe, kanuni za mtihani hazijaandikwa mpaka sasa, au ofisi ya taaluma inakataa kujibu kwa maandishi maswali iliyoyajibu kwa mdomo. Kasoro nyingine, kama ratiba kuyumba, moduli kujaa au mihadhara kurekodiwa badala ya kutolewa ana kwa ana, zinaudhi ila zinavumilika.

Kama bado huna uhakika na tarehe inafika, uliza kama udahili unaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja, na kama ukiahirisha utaingia kwenye mtaala upi. Majibu ya maswali haya mawili yanaweza kukushusha kutoka kundi la kwanza hadi la pili bila kupoteza nafasi.

Ukiamua kujiunga, fungua jalada siku hiyohiyo. Weka humo nakala ya mtaala wa mwaka wako, kanuni za mitihani zilizokuwa zikitumika ulipoingia, maelezo ya kila moduli pamoja na saa zake, na barua pepe zote ulizojibiwa. Sababu yake ni ya vitendo kabisa. Miaka ijayo, baraza la madaktari la nchi nyingine linaweza kukuomba uthibitishe saa ulizosoma anatomia au famakolojia, na hati yako ya matokeo itakuwa imeandikwa tu "Moduli ya Moyo na Mapafu". Wakati huo huenda mtaala umeshabadilishwa tena na aliyeuandika amestaafu. Muombe mratibu wa kila moduli maelezo hayo yakiwa na muhuri mara tu unapoimaliza, wakati faili bado liko mezani kwake.